Dawa tano kwenye fomu, dawa tano nyingine kwenye mfuko: uchambuzi wa kisa

Mshiriki ni mwanamke wa miaka 78. Yumo katika utafiti wa ufuatiliaji unaouliza kama dawa wanazotumia wazee zina uhusiano na kuanguka na kupungua kwa kumbukumbu. Kisa chenyewe nimekiunda kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika tafiti za aina hii, kwa hiyo mwanamke huyu si mtu mmoja halisi. Lakini dawa zake, misimbo yake na makosa yaliyofanyika kwenye fomu yake ni ya kawaida kabisa, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: makosa haya hayaonekani mpaka mtu ayatafute.

Ziara ya kwanza ilikuwa na swali moja tu kuhusu dawa: "Je, kwa sasa unatumia dawa zozote? Zitaje." Bibi alijibu kwa kukumbuka: mbili za presha, moja ya sukari, kidonge cha moyo na dawa ya magoti. Majina ambayo hakuyakumbuka yalijaziwa kutoka kadi yake ya kliniki. Fomu ikatoka na mistari mitano: amlodipini, losatani, metfomini, aspirini, diklofenaki. Nguvu ya kidonge haikuandikwa. Njia ya kutumia haikuandikwa, wala sababu. Ofisini, karani wa takwimu alichagua kila jina kwenye orodha ya programu, na programu ikaweka mbele yake msimbo wa ATC, mfumo wa kimataifa wa kupanga dawa kwa makundi: C08CA01, C09CA01, A10BA02, N02BA01, M01AB05. Fomu ikapita ukaguzi bila swali, maana haikuwa na nafasi tupu wala msimbo usiokuwepo. Mchanganuzi aliyeifungua baadaye aliona mtu mwenye dawa tano, yaani anayehesabika kuwa na dawa nyingi kwa kigezo kinachotumika sana cha dawa tano au zaidi, na asiye na dawa hata moja inayolegeza ubongo.

Ziara ya pili ilipangwa kwa kura. Sehemu ya washiriki ilichaguliwa bila kuangalia nani ameanguka na nani hajaanguka, ili dawa zao zikaguliwe kwa macho. Nitarudi kwenye jambo hili la kura, kwa sababu bila hilo sehemu kubwa ya kazi iliyofuata ingekuwa na madhara kuliko faida. Utaratibu wa kuona dawa zenyewe si mpya. Utafiti wa afya ya moyo kwa wazee ulioanza Marekani mwaka 1989, ambao kundi lake la mwanzo lilikuwa na watu 5,201 wenye miaka 65 na kuendelea, ulitumia njia hiyo: mshiriki anatoa vifungashio vya dawa alizoandikiwa na kuzitumia katika wiki mbili zilizopita, na mhojaji ananakili kilichoandikwa juu yake.

Mhojaji wa ziara ya pili alianza hivi: "Bibi, naomba unionyeshe kila kitu unachomeza, unachopaka, unachodondoshea au unachochomwa sindano, hata kama hukupewa na daktari."

Bibi akaleta mfuko. Mhojaji alipomaliza kunakili, hakufunga daftari. Aliuliza sehemu moja moja ya mwili.

"Na macho je?"

"Hayo nayo unayataka, mwanangu? Ni matone tu, yako kando ya kitanda."

"Na usiku, usingizi ukikataa?"

"Hapo kuna vile vidogo vya njano. Nameza kimoja. Si kila siku, lakini wiki haipiti."

"Na miguu?"

"Ikivimba namwomba dada yangu kimoja cha kwake cha kukojoza. Wiki iliyopita nilikunywa."

Kwa maswali hayo matatu yaliongezeka matone, vidonge vya njano na kidonge cha kuazima, na hakuna hata kimoja ambacho kingepatikana kwenye kadi ya kliniki. Nasisitiza jambo hili kwa wanaoandaa madodoso: mzee akisikia "dawa" anafikiria vidonge alivyopewa na mganga kwa ugonjwa wenye jina. Matone, mafuta ya kuchua, kiraka cha ngozi, kipulizio cha pumu, sindano ya kila baada ya miezi mitatu, vitamini, kitu cha kuazima: vyote hivi vinakuja tu vikiulizwa kwa jina lake.

Sasa tuutazame mfuko. Amlodipini ya miligramu 5, kimoja asubuhi, haina utata. Kidonge cha pili cha presha kilikuwa na jina la kibiashara, na chini yake kwa maandishi madogo: losatani miligramu 50, hidroklorothiazaidi miligramu 12.5. Metfomini ya miligramu 500, lebo inasema mara mbili kwa siku, bibi anameza mara moja kwa sababu ya pili inamsumbua tumbo. Aspirini ya miligramu 75. Bahasha ya karatasi yenye vidonge visivyo na kifungashio, juu yake kalamu imeandika "Amit 25, ½ usiku". Bahasha nyingine imeandikwa "CPM". Jeli ya diklofenaki. Matone ya timololi. Unga wa mitishamba ndani ya chupa isiyo na lebo. Na boksi tupu la prednisoloni.

Nianze na aspirini, kwa sababu inafundisha mengi kwa mstari mmoja. Mfumo wa ATC, unaotunzwa na kituo cha Shirika la Afya Duniani kilichoko Oslo tangu 1982, unapanga dawa katika ngazi tano. Herufi ya kwanza inataja kiungo au mfumo wa mwili, na makundi ya ngazi hiyo ni 14. Kwa metfomini, A ni mfumo wa chakula na umetaboli, A10 ni dawa za kisukari, A10B ni za kushusha sukari zisizo insulini, A10BA ni kundi la biguanaidi, na A10BA02 ndiyo metfomini yenyewe. Mpangilio huu unafuata matumizi ya dawa, na kwa sababu hiyo kitu kimoja chenye kemia moja kinaweza kuwa na misimbo kadhaa. Aspirini ya kutuliza maumivu ni N02BA01. Aspirini ya kuzuia chembe sahani za damu zisigande ni B01AC06. Karani alipotafuta "aspirini" programu ilimletea zote mbili, akachukua iliyokuwa juu. Hakufanya uzembe. Fomu haikumpa kitu cha kumsaidia kuchagua, kwa kuwa miligramu 75 hazikuandikwa na "kwa ajili ya moyo" haikuandikwa. Kwa chaguo hilo moja bibi aliondoka kwenye kundi la watu wanaotumia dawa ya kulainisha damu akaingia kwenye kundi la wenye maumivu. Mtafiti anayechunguza kutokwa damu tumboni angemkosa pale alipomtafuta.

Diklofenaki ilikosewa kwa namna ya jirani na hiyo. Ya kumeza ni M01AB05, ya kupaka ni M02AA15. Bibi anapaka. Kiasi kinachofika kwenye damu kutoka kwenye jeli ni sehemu ndogo tu ya kile kinachofika kwa kumeza, kwa hiyo fomu ya kwanza ilimbebesha hatari ya figo na tumbo ambayo hakuwa nayo kwa kiasi hicho. Timololi ingeweza kwenda upande wa pili: matone ni S01ED01, vidonge ni C07AA06. Hapa lakini nina angalizo. Matone ya timololi hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kuingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza, na yanajulikana kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua kwa wenye pumu. Utafiti wa kuanguka unaotupa dawa zote za herufi S kwa kudhani ni za nje tu unatupa kizuizi cha beta, yaani dawa inayopunguza mapigo ya moyo, pamoja nazo. Njia ya kutumia iandikwe, msimbo uwe sahihi, kisha uamuzi wa kuihesabu au kutoihesabu uwe wa mchanganuzi, kwa sababu anayoitaja wazi.

Kidonge chenye viambato viwili kilisimbwa kama losatani peke yake, C09CA01. Msimbo wake halali ni C09DA01, losatani pamoja na dawa ya kukojoza. Herufi moja, C kuwa D, ndiyo inayobeba hidroklorothiazaidi nzima. Na dawa hiyo kwa mzee anayeamka usiku kwenda msalani si jambo dogo: inaongeza mkojo, inaweza kushusha chumvi ya sodiamu mwilini, na presha inaweza kuporomoka akisimama ghafla. Kosa hili huanzia kwa msemaji, kwa maana watu hutaja jina la kwanza la kidonge cha mchanganyiko na kuacha la pili. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni kwamba hifadhidata iwe na majedwali mawili: moja la bidhaa, ambapo kidonge ni mstari mmoja wenye C09DA01, na jingine la viambato, ambapo kidonge hicho hicho kinatoa mistari miwili. Anayeuliza mzee anameza vidonge vingapi atatumia la kwanza. Anayeuliza mwili wake umepata kemikali gani atatumia la pili.

Majina ya kibiashara yana mtego wa ziada. Flomax nchini Marekani ni tamsulosini, dawa ya tezi dume; nchini Italia jina hilo hilo limebeba dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Hata majina ya kitaalamu hayakubaliani kila mahali, ingawa Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1950. Parasetamoli ya nchi moja ni asetaminofeni ya nyingine, salbutamoli ni albuteroli, glibenklamaidi ni gliburaidi. Hifadhidata isiyosawazisha majina hayo inahesabu dawa mbili mahali penye moja.

Tufike kwenye bahasha, maana uzito wa kisa uko huko.

"Amit 25" ilitambuliwa kuwa amitriptilini kwa mambo matatu yaliyokubaliana: maandishi, alama zilizokuwa juu ya kidonge, na maelezo ya bibi kwamba alipewa kwa miguu inayowaka moto usiku. Msimbo ni N06AA09, na kundi la N06A ni la dawa za sonona. Bibi hana sonona. Dozi ndogo ya amitriptilini usiku ni tiba inayojulikana ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo kwa mtu mwenye kisukari hayashangazi. Kama sababu isingeandikwa, mchanganuzi mwenye kawaida ya kutumia N06A kama dalili ya sonona angemtangaza mgonjwa wa sonona, kisha pengine angeihusisha sonona hiyo na kumbukumbu inayopungua. Nimeona mantiki hii ikitumika kwa wepesi mno. Msimbo wa dawa unasema dawa hiyo kwa kawaida huwekwa kundi gani. Haumsemi mtu anaumwa nini.

"CPM" iliwagawa wasimbaji wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake. Mmoja aliandika klofeniramini, dawa ya mzio, R06AB04. Mwingine aliandika klopromazini, dawa ya maradhi ya akili, N05AA01. Ufupisho wa herufi tatu ulitosha kumtoa mtu kwenye mafua na kumpeleka kwenye wodi ya akili. Mwamuzi wa tatu hakuchagua kwa kubahatisha. Aliitazama picha ya kidonge iliyopigwa na mhojaji, akalinganisha rangi, ukubwa na alama, akasoma maneno ya bibi yaliyonakiliwa kama yalivyosemwa, "vidogo vya njano, vya mafua, vinanilaza", akafunga shauri kwa R06AB04. Uamuzi wenyewe ukaandikwa kwenye kitabu cha kanuni pamoja na tarehe na sababu, ili CPM ya mtu mwingine mwezi ujao isianze mjadala upya, na pia isipitishwe kimyakimya bila picha.

Dawa hizi mbili ndizo zilizogeuza picha ya bibi. Zote mbili huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huihitaji kwa kumbukumbu na umakini. Kwenye mizani ya mzigo huo iliyotolewa mwaka 2008, ijulikanayo kama ACB, amitriptilini ina alama 3 na klofeniramini ina alama 3, na jumla ya 3 tayari inachukuliwa kuwa ya kujali. Dawa tano za fomu ya kwanza hazina hata alama moja kwenye mizani hiyo. Bibi yule yule, mwezi ule ule, alikuwa 0 kwenye fomu na 6 kwenye mfuko kwa dawa hizi mbili peke yake. Zote mbili zimo pia kwenye vigezo vya Beers, orodha ya dawa ambazo inafaa wazee waepushwe nazo, iliyoanzishwa na Mark Beers na wenzake mwaka 1991 na kurekebishwa baadaye na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, ikiwemo mwaka 2023. Tena mwenye matone ya timololi huenda ana presha ya macho, na dawa za aina hii zinaweza kuwa hatari kwa wenye pembe ya jicho iliyojibana. Taarifa hiyo nayo ilipotea matone yalipoachwa nje.

Kuna jambo la kutazama kwa makini kwenye jumla. Ukihesabu bidhaa zinazomezwa kila siku, ukiacha unga wa mitishamba, mfuko unatoa amlodipini, kidonge cha mchanganyiko, metfomini, aspirini na amitriptilini. Tano. Fomu ya kwanza nayo ilikuwa tano. Mkaguzi anayelinganisha idadi kati ya ziara mbili angeona makubaliano kamili na kuandika kwamba dodoso linaaminika. Orodha zenyewe, kwa misimbo, zinakubaliana kwenye mistari miwili tu: amlodipini na metfomini. Ndiyo maana sipendi ripoti zinazopima ubora wa takwimu za dawa kwa kulinganisha wastani wa idadi. Ulinganisho ufanywe dawa kwa dawa. Na neno "dawa nyingi" lisitumike bila kusema limehesabiwaje, kwa sababu kwa bibi huyu jibu linapanda kutoka 5 hadi 6 ukihesabu viambato, na linazidi hapo ukiingiza za kumeza siku moja moja, matone na jeli.

Kidonge cha kuazima kinahitaji aya yake. Furosemaidi, C03CA01, haipo kwenye kadi ya mtu huyu wala haitakuwepo kwenye kumbukumbu za duka lolote la dawa kwa jina lake. Mhojaji aliandika sababu: "miguu inavimba". Amlodipini inajulikana kuvimbisha vifundo vya miguu, na uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza haisaidii ipasavyo. Mwaka 1997 Paula Rochon na Jerry Gurwitz walieleza mfululizo wa namna hii, ambapo athari ya dawa ya kwanza inadhaniwa kuwa ugonjwa mpya na kuitiwa dawa ya pili. Hapa aliyeandika dawa ya pili hakuwa hata daktari. Sithubutu kusema kwa hakika kwamba miguu ya bibi inavimba kwa sababu ya amlodipini. Moyo na figo navyo huvimbisha miguu. Ninachosema ni kwamba safu ya "sababu kwa maneno ya mshiriki" ndiyo pekee iliyouweka uwezekano huo mezani.

Kuhusu kiasi, kila mstari ulipewa namba tatu badala ya moja: kilichoagizwa, kilichomezwa, na mara ngapi. Kwa metfomini, kilichoagizwa ni gramu 1 kwa siku na kilichomezwa ni nusu gramu. Kipimo cha DDD, yaani dozi ya kawaida ya siku kwa mtu mzima iliyowekwa kwa ajili ya takwimu, ni gramu 2 kwa metfomini. Bibi ameagizwa nusu ya kipimo hicho na anatumia robo. Amitriptilini yake ya miligramu 12.5 ni sehemu moja ya sita ya DDD, ambayo ni miligramu 75. Hapa wachanganuzi wapya huteleza kwa kuisoma DDD kama dozi inayopendekezwa, wakasema bibi anatibiwa chini ya kiwango. DDD ni fimbo ya kupimia matumizi kwenye makundi ya watu, imewekwa kwa kuangalia matumizi makuu ya dawa kwa mtu mzima. Haijali figo za mtu wa miaka 78 wala haijui kwamba amitriptilini hii ni ya miguu. Lakini kiasi kihifadhiwe, maana mizani ya ACB inampa alama 3 anayemeza nusu kidonge sawasawa na anayemeza vitatu, ilhali vipimo vingine vya mzigo wa dawa hupima kwa dozi. Bila kiasi, swali la dozi haliwezi kuulizwa kamwe.

Boksi la prednisoloni lilikuwa tupu. Dozi iliisha wiki sita kabla. Dirisha la utafiti lilikuwa wiki mbili, kwa hiyo haikuhesabiwa kuwa ya sasa, ila tarehe ya kuanza na ya kuisha ziliandikwa. Dirisha la wiki mbili linafaa kwa vidonge vya kila siku na linarahisisha kukumbuka, lakini linaiacha sindano ya vitamini B12 ya kila baada ya miezi mitatu na ile ya mifupa ya kila miezi sita. Swali moja la nyongeza kuhusu sindano za mwaka mzima linaliziba pengo hilo bila kurefusha mahojiano.

Unga wa mitishamba haukupata msimbo wa ATC, na haikustahili kuulazimishia. Ulipewa msimbo wa ndani wa utafiti unaoanza na Z, herufi isiyotumika kwenye ngazi ya kwanza ya ATC, pamoja na maelezo: unga wa kahawia, kijiko kimoja asubuhi, kwa ajili ya nguvu, yaliyomo hayajulikani. Kuuacha nje kungeifanya hifadhidata iseme hautumiki. Hii ndiyo tofauti ninayoiomba kila mara kwenye jedwali: "hatumii", "hajaulizwa", "hajui" na "anatumia lakini haijatambulika" ni majibu manne, na hayawezi kuwekwa kwenye sifuri moja. Kwa utafiti wa kumbukumbu ni lazima zaidi, kwa sababu anayesahau ndiye anayetaja dawa chache, na sifuri zake zitafanana na afya njema. Mwaka unaofuata bibi huyu anaweza kujibiwa na bintiye. Safu ya chanzo cha taarifa, iwe mshiriki, ndugu, lebo au kadi, ndiyo itakayoonyesha kama dawa zilipungua kweli au msemaji alibadilika.

Baada ya marekebisho, mstari wa amitriptilini ulisomeka hivi kwenye hifadhidata:

Maandishi ghafi: "Amit 25, ½ usiku". Kilichoonekana: vidonge kwenye bahasha, picha ipo. Kiambato: amitriptilini. Nguvu: mg 25. Njia: kumeza. Kilichoagizwa: mg 12.5 kila usiku. Kilichomezwa: mg 12.5 kila usiku. Sababu: "miguu inawaka". Chanzo: mshiriki na bahasha. Msimbo: N06AA09. Toleo la ATC: mwaka wa usimbaji. Uhakika wa utambuzi: wa juu.

Toleo linaandikwa kwa sababu orodha ya ATC hurekebishwa kila mwaka, na utafiti wa miaka kumi unaochanganya matoleo unaweza kuona dawa "ikitoweka" kumbe imehamishwa kundi. Na maandishi ghafi hayafutwi hata msimbo ukishathibitishwa mara tatu. Picha nazo zilikatwa ili jina la mtu kwenye lebo lisibaki, kwa kuwa mfuko wa dawa unaweza kufichua ugonjwa ambao mwenyewe hajawaambia hata watu wa nyumbani kwake.

Mhojaji hakumwambia bibi aache chochote. Si kazi yake, na kuacha dawa ghafla kuna hatari zake. Lakini utaratibu wa utafiti ulikuwa umeweka njia: kidonge cha kuazima juu ya kidonge ambacho tayari kina dawa ya kukojoza, pamoja na dawa mbili za kusinzisha kwa mtu mwenye miaka 78, vilitosha kumpa barua ya kumpelekea daktari wake, kwa ridhaa yake, ikiwa na orodha kamili. Utafiti usio na njia kama hiyo usianze kufungua mifuko ya watu.

Sasa ile kura. Bibi alikuwa ameanguka mara moja kati ya ziara zile mbili, usiku. Kama mfuko wake ungefunguliwa kwa sababu alianguka, na mifuko ya wasioanguka ikabaki imefungwa, basi alama 6 zingeonekana kwa walioanguka na 0 kwa wengine, hata kama nusu ya wengine nao wana bahasha kando ya kitanda. Uhusiano ungezaliwa ofisini. Kwa sababu hiyo marekebisho ya kundi la kura hayakumwagwa ndani ya hifadhidata kuu kimyakimya. Yaliwekwa pembeni kama kipimo cha ukubwa wa kosa: kwa kila kundi la dawa, ni wangapi fomu iliwakosa na ni wangapi iliwasingizia, walioanguka na wasioanguka kila mmoja kwa safu yake, na makadirio ya utafiti mzima yakarekebishwa kwa viwango hivyo.

Zilibaki fomu za washiriki ambao kura haikuwagusa. Pale ambapo mhojaji alikuwa ameandika neno la ziada pembeni, "aspirini ndogo", "ya kupaka", "ya macho", msimbo ulirekebishwa ofisini na sababu ikaandikwa. Pale ambapo kilichohifadhiwa ni N02BA01 peke yake, bila nguvu na bila sababu, hakuna kilichoweza kufanyika. Mistari hiyo ilipewa hadhi ya "aspirini, matumizi hayajulikani", na uchambuzi wa kutokwa damu ukafanywa mara mbili: mara moja wote wakihesabiwa kuwa ni wa moyo, mara moja wote wakihesabiwa kuwa ni wa maumivu.